Cheju kwa baiskeli

Miaka yote Cheju, bonde letu la mpunga hapa Unguja, naijua kwa kupita na gari tu. Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, nikatoka Dunga na baiskeli, nikapita Jendele, nikaingia bondeni.

Jamani, bonde lile! Tambarare mpaka macho yanachoka, majaluba ya mpunga pande zote, yangeyange weupe wamesimama majini. Watoto wanawinga ndege kwa makopo na kelele. Pembeni, penye unyevu, bibi mmoja anapalilia majimbi.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Wenda wapi na jua hili?"

Akanikatia muwa. Akanieleza masika maji yanavyojaa hata njia isionekane, na mpunga wake unavyoitegemea mvua hiyohiyo. Nilikaa naye karibu saa nzima, sikutaka kuondoka.

Mchana nikafika msitu wa Jozani. Kima punju, ambao duniani kote wako kwetu Zanzibar tu, walikuwa wakivuka barabara, watoto wamewakumbatia tumboni. Wenye gari, tafadhalini sana, pale punguzeni mwendo.

Mikoko ya kijiji cha Pete nimeiweka Jumamosi ijayo. Nani anakuja? Pampu ninayo.