Saa mia moja za usiku

Wiki tatu zilizopita nilikabidhiwa leseni ya juu kabisa ya urubani, ile inayomruhusu mtu kuwa nahodha wa ndege ya abiria inayohitaji marubani wawili. Mama yangu, ambaye anaishi Uyole, Mbeya, aliniuliza kwenye simu: "Mwanangu, si ulikwisha kuwa rubani? Miaka yote hiyo ulikuwa unarusha ndege kwa leseni gani?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lake lilistahili jibu refu zaidi.

Leseni niliyokuwa nayo ni ya rubani wa biashara. Kwa leseni hiyo mtu anaweza kulipwa kwa kuruka, kuwa rubani msaidizi katika ndege kubwa, au kuwa nahodha peke yake katika ndege ndogo kama Cessna Caravan, ambayo ndiyo iliyonilea. Kwa miaka minne niliwapeleka watalii katika Hifadhi ya Ruaha, mara nyingi nikipitia Iringa. Kanuni za kimataifa zinamtaka anayeomba leseni ya juu awe na umri usiopungua miaka 21 na awe amefikisha saa 1,500 za kuruka, na saa hizo nilizipata mapema kuliko nilivyotarajia.

Kilichonichelewesha ni kwamba ndani ya saa hizo 1,500 lazima ziwemo, pamoja na masharti mengine, saa 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege badala ya kutazama nje, na saa 100 za usiku. Kazi ya mbugani ni ya mchana. Jua likianza kuelekea magharibi, ndege ndogo huwa zimekwisha kufungwa kamba. Siku nilipojumlisha daftari langu la saa za kuruka nilikuta zaidi ya saa 1,600, na kati ya hizo 11 tu ndizo za usiku, karibu zote za wakati wa mafunzo.

Ikanibidi nihame kiti cha kushoto, cha nahodha, nilichokuwa nimekizoea, nikakae kiti cha kulia, rubani msaidizi katika ndege ya injini mbili yenye safari za jioni. Saa 89 zilizobaki zilinichukua karibu miaka miwili, na sasa naamini kwamba sharti hilo ni la haki kabisa. Mchana nilikuwa nikiuona mlima na kuukwepa. Usiku mlima ni namba ya kimo kwenye ramani, na asiyeiheshimu namba hiyo hana kingine cha kumwonya. Tena, unapoukaribia uwanja ambao kabla yake kuna giza tupu, labda bahari au pori, taa za njia ya kurukia hulidanganya jicho likadhani ndege iko juu mno, na mkono ukitii jicho, ndege hushuka kabla ya wakati wake. Nilikuwa nimeyasoma hayo kitabuni, lakini usiku wa kwanza nilipoyahisi, nahodha wangu alisema neno moja tu: "Vyombo." Nikarudisha macho kwenye vyombo.

Mitihani ya maandishi ilikuwa mingi, na sitaieleza yote. Somo moja tu lilinirudisha nyumbani, lile la uwezo wa ndege. Utotoni tulikuwa tukisimama karibu na uzio wa uwanja wa zamani wa Mbeya, tukishangaa kwa nini ndege inakimbia muda mrefu hivyo kabla ya kunyanyuka. Sasa naweza kulipigia hesabu jambo lile. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2012, uko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 26, hewa hupungua uzito hadi mabawa na injini zikafanya kazi kana kwamba uwanja uko kwenye mita 2,000 hivi. Kwa hiyo ndege huhitaji mbio ndefu zaidi, na pengine hulazimika kupunguza mzigo.

Jaribio la mwisho lilifanyika katika simuleta, mashine ya ardhini inayoiga ndege: injini moja ilizimwa mara tu tulipoiacha ardhi, na mtahini akanyamaza kimya akitutazama tunavyogawana kazi.

Unahodha wenyewe bado. Kampuni ina mafunzo na vipimo vyake kabla ya kumrudisha mtu kiti cha kushoto. Mama ameniomba nimwarifu mapema siku nitakayotua Songwe nikiwa nahodha, kwa sababu kutoka Uyole lazima alivuke jiji lote, na hataki kukuta abiria wamekwisha kushuka.