Nilivyoipima kafuri ikitoroka, kwa tochi ya leza

Nilipoingia nyumbani na pakiti ya kafuri kutoka Marikiti, mama aliacha kuchagua mchele. "Kafa nani?" Nikamwambia hajafa mtu, ni mambo ya wanafunzi. Hakusadiki mpaka aliponiona nafunga tochi ya leza juu ya meza kwa kamba.

Mwanafunzi wangu mmoja wa tuisheni ndiye aliyenitia mashakani. Kama harufu ya kafuri ni molekuli zinazouacha uso wake, mbona hatuioni ikipungua? Maabara kubwa hulijibu swali hili kwa leza mbili: ya kwanza hupiga uso wa kitu kwa nanosekunde chache (nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde), molekuli zikaruka, ya pili ikazihesabu zikiwa hewani. Yangu ni ile ya kuchezea paka, haipashi moto hata karatasi. (Watoto nikawatoa chumbani, hata hiyo huumiza macho.) Nikaona basi niifanye mshale wa mizani.

Nikachomoa chelewa katika fagio, nikabana upande mmoja mezani, upande wa pili nikabandika tembe ya kafuri na kipande cha kioo saizi ya ukucha. Mwanga unapiga kioo, unatua ukutani mita tatu mbele. Kafuri ikipungua, chelewa inainuka na nukta nyekundu inapanda.

Nukta ikashuka.

Nilizima feni, nikangoja tuktuk zipungue barabarani, nikakaa natoka jasho hadi saa sita usiku. Bado inashuka, polepole, kama ya kunikejeli. Mwisho nikatoa kafuri nikaweka kijiwe. Ikashuka vilevile! Kumbe ni chelewa: hewa ya Mombasa usiku imejaa maji, na ule mti mkavu ulikuwa unayanywa. Mimi natafuta molekuli zinazoondoka, kumbe zinazowasili zimezishinda.

Ndipo nilipoelewa kwa nini wenye maabara huhangaika na pampu za kunyonya hewa yote chomboni. Hata ukibakisha hewa sehemu moja tu katika bilioni, uso uliosafishwa huweza kufunikwa tena na molekuli kwa muda wa kama sekunde moja. Ukitaka kuona zinazotoka, kwanza ufunge mlango.

Mimi pampu sina. Nikaenda kwa jirani yangu makanika, akaniazima bamba la chuma la kupimia nafasi za vali, unene wake sehemu ya kumi ya milimita. Chuma hakinywi maji kama chelewa. Kijiwe kikakaa juu yake saa nzima na nukta haikutikisika.

Kilichobaki kilikuwa kipimo. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita mraba, ukikata kipande cha sentimita moja kwa moja, ni miligramu 8. Nilipokiweka, nukta ilishuka milimita 7. Nikakitoa, nikarudisha kafuri, nikapiga alama ya penseli ukutani.

Baada ya saa moja nukta ilikuwa imepanda milimita 5, yaani karibu miligramu 6 zimekwenda. Nikapiga hesabu mara mbili, maana sikuamini: molekuli zaidi ya trilioni 6,000 kila sekunde, katika tembe usiyoiona ikipungua.

Mama akachungulia mlangoni. "Ukimaliza, hizo zilizobaki nipe niweke kabatini, mende wamezidi."