Mkate wa chachu ya asili wakati wa ukomohedhi

Mkate wa chachu ya asili, ule ambao wengi huuita sourdough, hauzimi fukuto la usiku wala haurudishi estrojeni, homoni ya kike, iliyopungua. Hilo lisemwe mapema, maana wanawake walio katika ukomohedhi huuziwa mkate huu kama dawa. Ni chakula tu. Lakini ukitengenezwa kwa unga unaofaa na ukapewa muda wake, unasaidia pale ambapo umri huu unabana: sukari ya damu, choo, na madini yanayopita tumboni bila kufyonzwa.

Estrojeni ikishuka, miili mingi huanza kuitikia kwa ulegevu insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu, na mafuta huhamia kiunoni. Mkate mweupe wa hamira humeng'enywa upesi, sukari ikapanda kwa kishindo. Katika donge lililochachuka polepole, bakteria hutengeneza asidi laktiki na asidi asetiki. Ya kwanza hufanya wanga uvunjwe taratibu zaidi, ya pili huchelewesha chakula kutoka tumboni. Ndiyo maana saa za kuchachuka si mapambo: mkate uliotiwa chachu kidogo kwa ajili ya ladha, kisha ukaumuliwa kwa hamira ndani ya saa mbili, hauna asidi hizo za kutosha.

Upande wa madini, pumba za ngano zina chuma, zinki na magnesi, ila zina pia asidi ya fitiki inayoyashikilia. Uchachu wa wastani huamsha kimeng'enya kilichomo ndani ya unga wenyewe, nacho huivunja asidi hiyo. Kwa mwanamke ambaye hedhi bado inamjia kwa fujo na damu nyingi kabla haijakoma, chuma hicho kina maana, ingawa hakitoshi kutibu upungufu wa damu. Na damu ikitoka tena baada ya miezi 12 bila hedhi, nenda hospitali bila kungoja.

Sasa chachu yenyewe. Changanya gramu 50 za unga wa ngano usiokobolewa na gramu 50 za maji kwenye chupa ya kioo, funika bila kukaza. Kila siku baki na gramu 50 tu za mchanganyiko, ongeza unga gramu 50 na maji gramu 50. Siku ya pili au ya tatu itatoa povu jingi, kisha itanyamaza kabisa. Hapo ndipo wengi huimwaga, na ni hasara: povu la kwanza ni la bakteria wasiovumilia uchachu, na hamira za asili bado zinajikusanya. Endelea kulisha. Kwa kawaida huwa tayari kati ya siku 7 na 14, pale inapoongezeka maradufu ndani ya saa 4 hadi 6 baada ya kulishwa, siku kadhaa mfululizo. Maji ya kijivu juu yake ni dalili ya njaa tu. Rangi ya waridi, ya chungwa, au ukungu: tupa yote, osha chupa, anza upya.

Kwa mkate mmoja pima unga usiokobolewa gramu 250, unga mweupe wa mkate gramu 250, maji gramu 375, chachu iliyoumuka hadi kileleni na haijaanza kushuka gramu 100 na chumvi gramu 9. Tumia mizani, kikombe hudanganya. Unga mweupe peke yake huumuka kwa urahisi na hupendeza machoni, lakini nyuzinyuzi zake ni chache mno, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuukataa kwa lengo hili.

Changanya unga na maji, acha dakika 40. Tia chachu na chumvi. Kila baada ya dakika 30 vuta kingo za donge na kuzikunjia katikati, mara nne. Kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi liache mpaka liongezeke kwa nusu ya ukubwa wake, jumla ya saa 5 au 6. Liumbe, liweke kwenye friji saa 12 hadi 16. Pasha oveni na sufuria nzito yenye mfuniko hadi nyuzi 240, chana donge juu kwa wembe, oka dakika 25 ukiwa umefunika, kisha dakika 20 bila mfuniko kwenye nyuzi 220. Usikate kabla ya saa 2. Ndani bado panajikaza, na kisu kitatoka na utandu.

Mkate mzito wenye matundu makubwa machache chini ya ganda haukuchachuka vya kutosha, au chachu ilikuwa dhaifu. Uliotandaa kama sahani na kuwa mkali mno umepitiliza: asidi na vimeng'enya vimekata gluteni, protini ya ngano inayoshikilia donge. Chumba kikiwa na joto, tumia maji baridi na punguza chachu hadi gramu 50.

Unapata takriban vipande 17 vya gramu 50, kila kimoja kikiwa na nyuzinyuzi zaidi kidogo ya gramu 2 na chumvi kama nusu gramu. Vipande viwili kwa mlo vinatosha. Viambatanishe na protini: mayai, samaki, maharage, mtindi. Mifupa hudhoofika kwa kasi estrojeni inapoondoka, na mkate hauna kalsiamu ya maana, hivyo mtindi au samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao ndio wanaobeba kazi hiyo. Kama hukuzoea nyuzinyuzi, anza na kipande kimoja kwa siku na unywe maji zaidi, la sivyo gesi itakusumbua.

Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye gluteni hudhuru utumbo wake, asiuguse. Gluteni bado imo. Bakteria nao hufa ndani ya oveni, kwa hiyo anayeutafuta mkate huu kwa ajili ya bakteria hai hawapati.

Ukinunua, soma viambato: unga, maji, chumvi. Ukikuta hamira, siki au sukari, huenda uchachu huo ni wa kuigiza. Rangi ya kahawia haithibitishi kitu; tazama kama unga usiokobolewa umetajwa wa kwanza. Mkate wa nyumbani ukate ukishapoa, vigandishe vipande kwenye mfuko, na utoe viwili viwili moja kwa moja hadi kwenye tosta.