Mwezi mmoja wa adhabu huisha siku ya nne

"Simu hiyo huioni mwezi mzima!" Kauli hii hutoka wakati wa hasira, na kufikia siku ya nne simu imesharudi, ama kwa sababu mzazi mwenyewe anataka kumpata mtoto akiwa njiani, ama amechoka kumwona amenuna. Kijana wa miaka 14 anaijua hesabu hii. Ameshagundua kwamba mwezi wa mzazi una siku nne.

Adhabu hufanya kazi ikiwa na uhakika, fupi, na karibu na kosa. Saa 24 bila simu, kuanzia leo, na irudishwe muda uliosemwa hata kama bado kanuna. Ukichukua kila kitu kwa mkupuo mmoja, kijana hana tena cha kupoteza na wewe huna tena cha kushikilia. Hapo ndipo huanza kufanya makusudi. Adhabu ifanane na kosa pia. Aliyechelewa kurudi kwa dakika 40, safari ijayo arudi dakika 40 mapema. Aliyevunja kitu kwa hasira akitengeneze, au alipe kidogo kidogo. Fimbo katika umri huu humfundisha kuficha vizuri zaidi.

Kanuni za nyumba zikizidi nne hazisimamiki. Chagua za usalama, matusi, masomo na usingizi. Nywele na chumba kilichovurugika viache. Nywele zitaota tena. Na kanuni iwe kitu kinachoonekana kwa macho. "Uwe na heshima" ni uwanja wa mabishano, kwa sababu kila mmoja ana tafsiri yake. "Saa kumi na mbili na nusu uwe ndani, na ukiona utachelewa piga simu kabla ya saa hiyo" haina mjadala. Zipangeni mkiwa mmetulia, na yeye aseme lake.

Sehemu inayoharibika mara nyingi ni utoaji wa agizo. Mzazi anapaza sauti kutoka chumba kingine: "Vyombo!" Dakika tano baadaye anapaza tena, mara ya tatu anafoka. Mtoto ameshazoea kwamba agizo halisi ni lile la kufoka, hayo mengine ni matangazo tu. Nenda alipo, mwite kwa jina, sema jambo moja, kisha nyamaza uhesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Atasonya, atabinua midomo, atainuka akiburuta miguu. Ameinuka, basi! Ukimwuliza "na huo uso umeukunjia nani?" vyombo vimesahaulika na ugomvi mpya umezaliwa. Akimaliza mwambie ahsante, mambo ya uso yaishie hapo.

Kuhusu kubembeleza: ukikataa mara tano ukakubali mara ya sita, umemfundisha kwamba ndiyo yako hupatikana kwa kuomba mara sita. Ukianza kusimama imara, atazidisha kwanza. Kelele zitapanda kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili, na wazazi wengi huachia hapo hapo wakidhani njia imeshindwa, ilhali ongezeko hilo ni dalili kwamba ameona mlango wa zamani umefungwa.

Sauti zikishapanda, usifundishe kitu. Mwili uliochemka huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kutulia. Sema, "Tutaongea saa mbili na nusu," ondoka, usimfuate chumbani, na saa mbili na nusu rudi kweli. Kama ulifoka, omba radhi kwa kufoka. Kanuni ibaki palepale.

Kabla ya kumwita mkaidi, angalia usingizi wake kwa wiki nzima. Balehe huchelewesha homoni ya usingizi, kwa hiyo kukodoa macho saa tano usiku si ubishi mtupu, lakini umri wa miaka 13 hadi 18 huhitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kila usiku. Simu zote zichajiwe sebuleni usiku, ya mzazi ikiwemo. (Hili la mwisho ndilo wazazi hulipinga kuliko watoto.)

Kuna mambo ambayo si ya nidhamu. Hasira au huzuni ya karibu kila siku kwa wiki mbili, kuacha marafiki na michezo aliyoipenda, kula au kulala kulikobadilika ghafla, alama za kujikata, kugawa vitu vyake vya thamani, maneno ya kutamani kufa. Hapo weka adhabu pembeni, umwulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii wazo kichwani; humpa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, au akanyamaza, usimwache peke yake, fungia dawa, sumu na vitu vyenye makali, na umpeleke kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, hata kama kesho ana mtihani.