Reli ya Kuegeshea Kichwa cha Treni Kidogo

Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ina upana wa milimita 1,000 kati ya kingo zake za ndani; kwa hiyo kichwa cha treni nilichokichonga kwa kipimo cha 1 kwa 20 kilihitaji njia ya milimita 50. Juu ya ubao wa mninga nilipanga mataruma ya mbao, yaani vipande vya kulazia reli, kisha nikafunga vipande viwili vya alumini. Mara ya kwanza nilipima kutoka katikati ya reli moja hadi katikati ya nyingine, njia ikawa nyembamba na magurudumu yakapanda juu. Sasa hubana kati ya reli kibao cha milimita 50 kamili kabla ya kukaza skrubu, nacho, kusema kweli, kimenifaa kuliko rula. Kokoto nilizichekecha kutoka mchanga wa ziwani, nikazigandisha kwa gundi iliyozimuliwa kwa maji.