Kumbukumbu ya mradi: Nguzo za Uumbaji kwa kamera mbili

Wiki ya kwanza. Nimepakua faili za darubini ya anga ya James Webb, inayoona infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), kutoka kwenye hifadhi ya data iliyo wazi kwa wote. Nimechagua Nguzo za Uumbaji, mawingu marefu ya gesi na vumbi yaliyo umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi. Kila kichujio, kinachopitisha mawimbi ya urefu fulani tu, kina picha yake, nayo ni ya kijivu tupu. Rangi ni kazi yangu: mawimbi mafupi bluu, ya kati kijani, marefu nyekundu.

Wiki ya pili. Kuzilinganisha picha kumenila siku tatu. Katika NIRCam, kamera ya Webb ya infraredi ya mawimbi mafupi zaidi, pikseli moja ya mawimbi marefu ina upana wa pikseli mbili za mawimbi mafupi, kwa hiyo nilizikuza kwanza picha za mawimbi marefu, kisha nikazipanga zote nyota kwa nyota. Nyota kali zimetoka na vitovu vyeusi, kwa kuwa mwanga wake ulizidi uwezo wa kigunduzi. Nimeviziba kwa mkono, kimoja kimoja.

Wiki ya tatu. Picha imekaa! Darubini ya Hubble ilipozipiga picha nguzo hizi mwaka 1995 zilionekana nzito kama miamba. Hapa vumbi limekuwa jepesi kama chandarua, nyota zinapenya, na kwenye kingo kuna madoa mekundu ambako nyota changa bado zinarusha gesi.

Jana nikaingiza faili za MIRI, kamera ya Webb ya infraredi ya mawimbi marefu zaidi: mawimbi ya mikromita (sehemu za elfu za milimita) 7.7, 11.3 na 15. Nilidhani nimekosea, maana nyota nyingi zilitoweka. Nikarudia mara mbili, yakawa yale yale. Kumbe nyota za kawaida ni za moto mno, na katika mawimbi hayo mwanga wake ni hafifu. Vumbi lile lile lililoziba kila kitu kwenye picha ya Hubble sasa ndilo linalong'aa.

Hapo ndipo nilipoielewa IRAS, darubini ya infraredi ya Marekani, Uholanzi na Uingereza iliyorushwa Januari 1983. Wanasayansi wake walikuwa wakitumia nyota ya Vega kupimia vifaa tu, lakini ikang'aa kupita hesabu zao: ilikuwa imezungukwa na vumbi, na hakuna aliyejua! IRAS ilidumu miezi 10, heliamu ya kuipoza ikaisha. Chombo chenye joto hutoa infraredi chenyewe na kujipofusha, ndiyo sababu MIRI hupozwa hadi chini ya kelvini 7 (nyuzi -266 hivi za Selsiasi).

Bado nina mistari ya kelele ya kuondoa kwenye picha za NIRCam. Kisha nitaunganisha kamera zote mbili, na nyekundu nitaiachia mikromita 15.