Siku moja ya mratibu wa jumuiya Pemba: bamvua, masurufu na sanduku la kufuli tatu

Kazi ya kuratibu jumuiya ndogo isiyo ya kiserikali huku Pemba haiendi kwa saa ya ukutani peke yake. Inafuata adhana, inafuata msimu wa karafuu, na ukiwa na vikundi vya wakulima wa mwani, inafuata maji. Siku hii ni ya bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana; mwezi umeandama juzi. Ofisi ipo Wete, wafanyakazi wanne na vijana wachache wa kujitolea. Kikundi cha kutembelewa, cha akiba na mikopo cha wakulima wa mwani, kipo upande wa Micheweni.

Saa 12:30 asubuhi

Kabla ya simu, kalenda ya Kiislamu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka sana, na kupwa kwa mchana huangukia kati ya saa nne na saa tano. Akina mama wapo pwani tangu saa mbili hadi kiasi cha saa saba. Ukiitisha mkutano saa nne, utawapata wasio na kamba za mwani baharini, yaani wale ambao mradi haukuandikwa kwa ajili yao, halafu ripoti iseme mahudhurio yalikuwa mazuri. Mikutano ya asubuhi ni ya siku za maji mafu, yasiyotoka sana. Siku za bamvua ni baada ya Alasiri. Ratiba ya mwezi mzima hupangwa hivyo kwanza, gari na bajeti vikafuata. Msimu wa karafuu ukishika, hata hiyo huvunjika: mchana watu wapo mikarafuuni, usiku wanachambua, na anayelazimisha semina wakati huo anajitafutia lawama bure.

Saa 2:00

Kikao cha robo saa, watu wamesimama. Kila mmoja anajibu: unakwenda wapi leo, unahitaji nini, nini kimekwama. Mratibu husema wa mwisho. Akianza yeye, wengine wote wataitikia tu, na kilichokwama kitajulikana mwisho wa mwezi.

Saa 2:30

Masurufu, yaani fedha za kazi anazopewa mtu kwanza kisha akarejesha hesabu yake. Hapa ndipo uongozi wa jumuiya unapoonekana, kuliko kwenye hotuba yoyote.

Chukua afisa wa uwandani anayeomba shilingi 180,000 kwa siku mbili: mafuta, nauli za vijana, maji ya kunywa, kutoa nakala. Hapewi mapya mpaka arejeshe ya safari iliyopita. Marejesho yanakwenda pamoja: fomu ya maombi yenye idhini, risiti zilizopangwa kwa tarehe, na stakabadhi ya benki kwa kilichobaki. Shida ipo kwenye matumizi yasiyo na risiti. Konda wa gari la Konde hatoi risiti, wala hana haja ya kutoa. Kwa hiyo kuna fomu ya nauli: jina la aliyesafiri, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, sahihi. Mama aliyewapikia washiriki pilau hana mashine ya risiti. Anajaziwa hati ya kupokea malipo yenye jina, namba ya simu na sahihi au dole gumba. Hati ijazwe palepale. Zikijazwa ofisini wiki mbili baadaye, zote zinakuwa na mwandiko mmoja na wino mmoja, na mkaguzi yeyote mwenye macho ataanzia hapo.

Kanuni inajulikana: anayeomba haidhinishi, anayeidhinisha halipi. Kwa ofisi ya watu wanne haiwezekani bila bodi kusaidia. Ndiyo maana sahihi ya pili ya benki inakaa kwa mshika fedha wa bodi, na masurufu ya mratibu mwenyewe yanaidhinishwa na mwenyekiti. Mratibu mwenye deni la marejesho la miezi mitatu hana mdomo wa kumdai kijana risiti ya mafuta.

Wiki ya kwanza ya mwezi kuna jambo jingine la asubuhi: kodi ya mishahara, PAYE, ipelekwe TRA, mamlaka ya mapato, isipite tarehe 7. Fedha hizo zikikaa kwenye akaunti hushawishi. Zitoke siku ileile mishahara inapotoka.

Saa 4:00

Simu ya mfadhili. Mambo mawili hurudi kila mara. La kwanza ni kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine. Mikataba mingi inaruhusu kuvuka kidogo, asilimia 10 ni ya kawaida, lakini soma wa kwako, na omba kwa maandishi kabla ya kutumia. Ruhusa ya baadaye ni msamaha, na msamaha haumo kwenye mkataba.

La pili ni idadi ya walionufaika. Mwanamke mmoja akihudhuria mafunzo matatu, karatasi za mahudhurio zinaonesha watu watatu. Dawa yake ni orodha kuu moja, kila mtu na namba yake, shehia yake (eneo dogo la utawala) na mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu majina huku yanagongana mno: shehia moja ina akina Asha Juma watano. Idadi itashuka ukisafisha orodha. Mwambie mfadhili mapema, mwenyewe.

Saa 5:30

Simu kwa sheha, mkuu wa shehia, kuthibitisha ziara; barua ilishatangulia, na wilayani wana nakala. Kila safari, mtu atauliza kama kuna posho. Jibu liwe lilelile kwa wote: nauli ya kweli inarudishwa, kikao cha kikundi chenyewe hakina posho. Jumuiya ikilipa watu kuja kuweka akiba yao wenyewe, siku mradi ukiisha na kikundi kimekwisha.

Adhuhuri, chakula, saa 8:30 gari linaondoka.

Saa 10:00 jioni

Wameshasali Alasiri, mikeka imetandikwa chini ya mwembe, sanduku la bati lipo katikati. Utaratibu huu wa akiba ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na Pemba umeshakuwa wa watu wenyewe. Kufuli ni tatu. Funguo wanazo wanachama watatu wa kawaida, wa nyumba tofauti. Mshika fedha analala na sanduku lakini hana ufunguo hata mmoja. Vitabu vya hisa, ambamo kila hisa hugongewa mhuri, hubaki ndani. Kikienda nyumbani, mhuri huongezeka.

Kabla halijafunguliwa, mwenyekiti anamnyooshea mtu kidole.

"Bi mdogo wa pembeni, mfuko wa jamii tuliufunga na ngapi?"

"Elfu arobaini na mbili na mia tano."

"Mimi nimeshika arobaini na moja," anadakia bibi mmoja.

"Haya bibi, tuhesabu sote."

Noti zinamwagwa kwenye bakuli la plastiki, nyingine bado zina unyevu wa pwani, wahesabu wawili wanazipanga kwa mafungu mbele ya macho yote. Hesabu inayokaa vichwani mwa watu ishirini na tano ni ngumu kuiba kuliko iliyo kwenye daftari la mmoja. Kisha hisa: moja hadi tano kwa mkutano, bei waliyoiamua wenyewe, hapa shilingi 2,000. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa za mkopaji.

Tarehe za kurejesha ndizo huharibiwa na wataalamu. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, ukaushwe, mnunuzi aje. Ukimpangia mkulima kulipa kila siku thelathini, umempangia kuchelewa. Na maji yakipata joto, mwani wa aina ya kotoni hufa, anabaki na aina ya spinosamu yenye bei ndogo. Hapo aongezewe muda kwa uamuzi wa kikundi, uandikwe. Mikopo isitolewe karibu na mwisho wa mzunguko, wanachama wanapogawana akiba, maana mgao utakwama.

Suala la riba halina njia ya kukwepwa. Wapo wanaokopeshana bila nyongeza, wapo ambao kikundi hununua bidhaa kisha kinamuuzia mwanachama kwa bei iliyotajwa wazi. Wanaamua wao na maalim wao. Mratibu anakaa nyuma ya mkeka, kimya, mbali na sanduku. Kazi ngumu kabisa ya saa hii ni kutoshika kikokotoo hata hesabu ikiwachelewesha. Ukikishika leo, mkutano ujao utangojewa wewe.

Wanafunga saa 12 kasorobo, mapema ya Magharibi.

Saa 2:00 usiku

Maandishi ya ziara, nusu ukurasa, usiku uleule: nani hakuja na kwa nini, mikopo iliyochelewa, lililoombwa na aliyeahidi kulijibu. Picha ya hati za malipo inatumwa kwa mshika fedha wa bodi. Yeye ni mwalimu wa skuli, ana nafasi ya kutia sahihi wakati wa mapumziko tu, kwa hiyo kijana wa ofisi awe getini saa nne kasorobo na karatasi zote, kalamu pia.